Nizikeni Kichakani

Niulizeni mimi Kaluki, niliyeishi naye tangu nikiwa na meno yote mdomoni: mume wangu Kyule hakuwa mtu wa maneno. Wachongaji wenzake kule karibu na Gikomba walibishana mpira na siasa mpaka mate yakaruka, naye amekaa na tezo lake anachonga twiga. Twiga, tembo, twiga, tembo. Kifaru, siku wenye maduka wakitaka kifaru. Jioni anarudi Shauri Moyo, kwenye chumba chetu cha zile nyumba za zamani za kanjo, yaani za baraza la jiji, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi, anauliza, "Kuna chai?" Basi. Hiyo ndiyo hotuba ya siku.

Lakini mguse kwa habari ya sange. Wee! Hapo mdomo ulifunguka.

Sange, kwa yule asiyemjua, ni mnyama mdogo, mkubwa kidogo kuliko panya, miguu myembamba, pua ndefu anayoizungusha huku na huku kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha. Kwetu Kathonzweni walikuwa wengi zamani. Watu huwaita panya na kupita. Ukimwita panya mbele ya Kyule, alikasirika kikweli, mishipa ya shingo ikasimama.

"Panya ni mhuni," alikuwa akisema. "Sange ana mke mmoja, ana boma lake, na kila asubuhi anafagia njia zake kwa mikono. Jani likianguka njiani analitoa. Wewe Kaluki, unafagia kila asubuhi?"

"Mwambie aje anifagilie," namjibu. "Chakula atapata."

Sisi ni watu wa Nairobi, nyumbani tunafika Krismasi na Pasaka tu, lakini shamba tunalo. Baba yake aliwagawia wanawe, na Kyule akapata kipande kinachoteremka kuelekea korongoni, nusu yake shamba la kulima, nusu kichaka kizito cha miiba na migunga, usichoweza kupenya bila panga. Kila mtu alimwambia afyeke. Mimi mwenyewe nilimwambia afyeke. Ndengu zingestawi pale! Yeye akikanyaga shamba, hata hajasalimia watu vizuri, anaenda kulala kifudifudi ukingoni mwa kichaka, kidevu mchangani, anangoja sange wapite. Mwanaume mzima, mwenye mvi, amelala kwa tumbo kama mtoto mwenye minyoo. Majirani wakipita barabarani najifanya sijui ni nani.

Mambo yalianza kubadilika taratibu, mwaka huu huyu, mwaka ujao yule. Mdogo wake Ndambuki, ambaye hakuhamia mjini, alifyeka kichaka chake apande ndengu, wala si kwa ubaya, maana watoto hawali vichaka. Jirani wa chini aling'oa ua wa minyaa ambao ulikuwa mzito kama ukuta, akaweka seng'enge. Wa juu akalima mpaka ukingo wa korongo. Ukisimama barabarani, mahali palipokuwa na vichaka na nyua za miti vikishikana mpaka mlimani, ulikuwa unaona shamba tu, shamba tu, na pale katikati kichaka cha Kyule kimebaki peke yake.

Pasaka moja akaja msichana wa chuo, Vivian, mwenye visanduku vya kunasa wanyama wadogo bila kuwaumiza. Alikuwa ametembea kijiji kizima akiomba ruhusa kwa wenye mashamba. Kwetu alinasa sange, akawapima, akawaachilia. Kisha akakaa na sisi akanywa chai, na uso wake haukuwa wa furaha.

"Baba," akamwambia Kyule, "watu wanadhani hawa wanamalizwa na mbwa na mitego. Hao huchukua mmoja mmoja. Kinachowamaliza ni mashamba kuwa matupu. Sange havuki mahali peupe, anajua mwewe yuko juu. Zamani alitoka kichaka hiki mpaka kile kwa kufuata ua. Sasa ua hakuna. Nimetembea upande huu wote, na ni hapa kwako tu nimewapata. Hawa wamefungwa hapa, Baba. Kichaka hiki kikienda, wameenda."

Kuanzia siku hiyo mume wangu alikosa raha. Tulirudi Shauri Moyo na bado alikuwa huko. Ananyanyua kikombe, anakisahau mkononi. Akachonga sange kwa kipande cha mwembe, mdogo wa kutoshea kiganjani, akamlainisha kwa msasa na kumpaka rangi ya viatu mpaka akang'aa, pua ile imepinda kidogo kama yuko hai. Akampeleka kwa wenye maduka. Mmoja akauliza kama ni tembo aliyekosewa. Hakuna aliyemnunua. Rafiki yake Wesonga, Mbukusu anayechonga vijiko na bakuli pale kando yake, akamcheka: "Nyinyi Wakamba mnafuga panya katikati ya shamba halafu mnalia njaa." Kyule hakucheka. Wesonga akaacha mzaha. Sange yule wa mti akaja akakaa juu ya kabati letu.

Kisha kifua kikamshika. Vumbi la mbao, walisema hospitalini, limekaa ndani miaka mingi. Krismasi ya mwisho, tukiwa nyumbani Kathonzweni, aliwaita ndugu zake baada ya kula. Akakohoa, akafuta mdomo, akasema, "Nikifa, nizikeni kichakani. Katikati kabisa." Hakusema zaidi. Ndambuki akatazama chini na kusema sawa, kaka. Kwa nini hakuwaeleza? Kwa sababu alishawaeleza habari za sange zamani, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Lakini mimi alinieleza, tulipokuwa tumerudi Nairobi na ameketi kitandani na blanketi mabegani.

"Kaluki, kaburi halilimwi. Vijana wanaweza kugombana, shamba linaweza kuuzwa, lakini anayenunua atazunguka kaburi. Nikiwa pale katikati, nani atathubutu kufyeka? Niache nikawalinde."

Nilimwambia, "Kumbe una akili na ulikuwa umeificha!" Alicheka, kikohozi kikamkatiza. Haki ya Mungu, nilimwonea fahari siku hiyo. Mtu hana pesa, hana nguvu, hana hata pumzi, amebaki na mwili wake mmoja, na huo ndio anautoa.

Alikufa kabla ya mvua.

Mnajua matanga yetu ya huku mitaa ya Eastlands. Wanaume wanakaa nje chini ya hema, kamati inapanga gari la maiti, basi, chakula, kwaya. Mjane anakaa ndani kwenye godoro na akina mama, anapewa uji, anaambiwa ajikaze. Huko nje kinaamuliwa kila kitu na wewe unasikia makofi tu. Lakini kwa jambo moja nilitoka na leso yangu kichwani. Dada mkubwa wa marehemu, Mbithe, alikuwa anataka azikwe karibu na nyumba, kando ya baba yao.

"Mtu azikwe porini kama mwizi?" akasema. "Watu watatuchekelea."

"Wacheke," nikamwambia. "Alisema kichakani. Asipozikwa kichakani mimi sipandi hilo basi, mtaenda kumzika bila mjane tuone nani atachekwa."

Palizuka kelele, lakini nilishinda. Ndambuki akapigiwa simu, akasema yuko tayari, alimsikia kaka yake kwa masikio yake, atasimamia kila kitu. Nikarudi kwenye godoro langu nimeridhika. Nilijiambia, Kyule, nimekupatia. Nilichokuwa nakiona akilini ni shimo. Shimo moja tu, na wanaume wanne wanaopenya miiba na jeneza begani.

Jumatano mchana nikasikia makofi nje, na vigelegele. Wesonga akaingia, amevua kofia, ananyoosha simu yake. Yule mtu alidhani ananiletea faraja.

"Mama Mutisya," akaniita kwa jina la mwanangu, "tazama nyumbani walivyojipanga. Ndambuki ametuma picha kwenye grupu."

Nikatazama. Sikuelewa mara moja nilichokuwa nikikiona, maana palikuwa na mwanga mwingi. Halafu nikaujua ule mgunga mkubwa, umelala chini. Kichaka chote cha upande wa juu kimefyekwa, udongo mwekundu uko wazi, vijana wamesimama na mapanga wanacheka, na nyuma yao matawi yamerundikwa kama nyumba. Chini Ndambuki ameandika: "Kazi inaendelea. Hema litakaa hapa, na gari litafika mpaka kaburini. Kesho tunachoma matawi na kumalizia upande wa chini. Kaka hatazikwa porini."

Ngai wangu!

Kumbe huko nje kamati ilikuwa imeuliza gari la maiti litapita wapi. Wakauliza wageni wa Nairobi watakaa wapi, kwaya itasimama wapi. Maswali ya adabu kabisa. Hakuna aliyekosea. Mtu anazikwa kichakani, basi kichaka kitengenezwe, kwani nani humzika mtu bila kusafisha mahali? Ndivyo tunavyofanya sote. Ndivyo ningefanya kwa marehemu mwingine yeyote.

Lakini nilijua jambo moja ambalo wao hawakulijua, nilikuwa nimelisikia kwa Kyule mpaka nikachoka kulisikia. Sange akitishwa hakimbii mbali. Anaingia penye matawi. Wale wa upande wa juu walikuwa sasa hivi wamo ndani ya lile rundo, au wamejibana upande wa chini uliobaki, na kesho ni kiberiti.

Nikampigia Ndambuki. Simu imezimwa. Nikapiga tena, nikapiga tena. Huwa anaichajia sokoni, na akiwa na kazi shambani haendi sokoni. Nikampigia mkewe Annah. Akashika.

"Annah, mwambie Ndambuki asichome! Asichome yale matawi, aache kila kitu kilivyo!"

"Pole, Mama Mutisya. Pole sana."

"Sitaki pole! Kuna wanyama ndani! Kile kichaka ndicho alitaka kibaki, ndiyo maana alisema azikwe pale, unanielewa? Zima huo mpango!"

"Lia tu, mama yangu," Annah akasema kwa sauti ya upole, na mimi nilisikia kwamba na yeye analia. "Lia, itoke. Usijali kuhusu huku. Hatutawaaibisha. Mkifika mtashangaa." Na akakata, ili nipumzike.

Nikasimama. Nikatafuta viatu. Mbithe akaja mlangoni.

"Unaenda wapi?"

"Kathonzweni."

"Mjane hatangulii maiti, Mama Mutisya. Umepatwa na nini? Utamwacha mumeo mochari peke yake, uende kufanya nini?"

"Kuzuia moto."

Akina mama wakatazamana. Mbithe akanishika mabega, si kwa ukali, akanikalisha kwenye godoro kama mgonjwa. Nikamweleza yote, sange, ua, msichana wa chuo, yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia jirani kwa sauti ya chini, "Huzuni imempanda kichwani. Tumpe chai ya sukari nyingi." Nilitaka kumrushia hicho kikombe. Unajua kuwa na akili timamu na kila mtu anakubembeleza? Bora wangenitukana.

Aliyebaki ni Wesonga. Alikuwa bado amesimama pale mlangoni na simu yake, uso umemshuka, maana yeye alikuwa ameisikia hadithi ya sange miaka yote kazini na alijua sijachanganyikiwa.

"Wesonga, baba," nikamwambia, "nenda wewe."

"Mama, mimi Ukambani sijawahi kukanyaga. Hata maji sijui wanayaitaje."

"Kiswahili wanajua. Alfajiri ingia stendi ya mabasi ya Machakos Airport pale, chukua basi la kwenda mji wa Wote, halafu bodaboda mpaka Kathonzweni. Uliza kwa Ndambuki, mbele ya kanisa. Mwambie nimesema asichome. Akikataa, lala juu ya yale matawi." Nikanyoosha mkono juu ya kabati nikamtoa sange wa mti. "Mwonyeshe huyu. Mwambie ni hawa."

Akamtia mfukoni mwa aproni yake ya kazi. Kesho yake alipanda basi akiwa na aproni hiyohiyo.

Ile Alhamisi sitaki hata kuikumbuka. Walileta uji, sikunywa. Waliimba, sikuimba. Simu nilikuwa nimeishika mkononi mpaka ikapata jasho. Nilisali, nami si mtu wa kusali kwa maneno mengi. Nilimwambia Mungu: Mume umechukua, sijakuuliza. Naomba mvua. Inyeshe hata kidogo tu, matawi yalowe. Nje kwetu Shauri Moyo mawingu yalikuwepo, yalikaa siku nzima. Hayakudondosha kitu.

Mchana simu ikalia.

"Mama Mutisya."

"Sema."

"Nimefika."

"Na moto?"

Nilisikia nyuma yake watu wakiimba wimbo wa kanisa, kwa furaha, kama watu wanaofanya kazi pamoja.

"Nimeukuta umewaka," akasema. "Nilikimbia, Mama. Nilishika tawi bichi nikaanza kuupiga. Wakanishika. Wakasema huyu rafiki alimpenda sana Kyule, mpeni maji. Nimewaambia, hawanisikii, wanaendelea kunishika mikono na kunipa pole. Upande wa chini nao umeshika."

"Uliwaona?"

"Mama, wacha hiyo."

"Wesonga. Uliwaona ama hukuwaona?"

Alipumua. "Walitoka wawili. Wadogo hivi, na ile pua. Nikawajua, ni kama yule aliye mfukoni. Walitoka mpaka ukingoni wakasimama. Nyuma yao moto, na mbele ni shamba la Ndambuki, ameshavuna ndengu, hakuna hata jani. Na hapo mbele hapakuwa na mtu, Mama. Hapakuwa na mbwa. Njia ilikuwa nyeupe mpaka barabarani. Nilipiga kelele, nikasema kimbieni! Kimbieni basi! Mwishowe wakatazama huko kweupe..." Sauti yake ikakatika, nikadhani ni mtandao, kumbe ni yeye. "Wakageuka. Wakarudi ndani."

Nilipiga yowe. Sijui lilitoka wapi, sikuwa nimelia hivyo hata siku nilipopewa habari ya Kyule. Nilianguka pale kwenye godoro nikang'ata leso. Na unajua Mbithe alifanya nini? Alinikumbatia, akanipangusa uso, akawaambia akina mama, "Asante Yesu. Sasa amelia. Tulikuwa na wasiwasi."

Jumamosi gari la maiti lilifika mpaka kaburini, kama walivyoahidi. Halikukwaruzwa hata kidogo. Hema lilikuwa zuri, viti vilipangwa mstari, kwaya ilisimama mahali palipo sawa. Mhubiri alisifu familia kwa umoja wake. Upepo ulikuwa ukiinua majivu na kuyaweka kwenye sufuria za wali, na akina mama wakawa wanafunika wakicheka kidogo, maana hata matangani watu hucheka. Nilitafuta kwa macho hata kipande kimoja cha zile njia zao zilizofagiwa. Palikuwa na alama za matairi.

Walipomaliza kufukia, watu walikuja kunishika mkono mmoja mmoja. "Umefanya vizuri, Mama Mutisya. Umetimiza neno la mumeo. Wengi hawatimizi." Nikaitikia. Wesonga alikuja na aproni yake, kola imechomwa na cheche, akanirudishia sange wa mti. "Sikupata nafasi ya kuwaonyesha," akasema. Nikamfungia kwenye pindo la leso.

Mwisho akaja Ndambuki. Nilikuwa nimemwekea maneno huyo, nimeyapanga tangu Nairobi, makali yote. Akasimama mbele yangu katika suti ya kuazima, amekonda, macho mekundu kwa moshi. Akanyoosha mikono yote miwili nione. Viganja vilikuwa vimejaa malengelenge, mengine yamepasuka, nyama iko nje.

"Vijana walitaka kusaidia ule upande wa chini," akasema. "Nikawakataza. Nikasema kwa kaka yangu nitafyeka mwenyewe. Miiba ile, shemeji! Lakini nimemaliza. Ni kama alivyotaka, sivyo?"

Wesonga, nyuma yangu, akageuka akatazama mashambani.

Nikaishika ile mikono, polepole, nisimwumize.

"Ni kama alivyotaka," nikamwambia.